Funguo za Ghorofa ya Kumi na Mbili

Mei 19

Dada Suk-han mpendwa, pokea salamu zangu na za korido nzima. U hali gani huko Uingereza? Mgongo wako umeizoea ile baridi? Mwanao na mkewe hawajambo? Mimi ni mzima, namshukuru Mama Kwun Yam, mungu wetu wa huruma, ila goti la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Uliniambia nisikuletee barua ya salamu tupu, bali niandike kidogo kidogo kila nipatapo nafasi, kisha nikutumie yote pamoja msimu wa tufani ukiisha. Basi naanza leo. Joto limeingia. Milango ya mbao iko wazi, mageti ya chuma yamefungwa, mapazia yanapepea, na harufu ya samaki wa Mama Szeto imenifuata hadi kitandani.

Mei 23

Ofisi ya mtaa imebandika tangazo kando ya lifti. Wezi wameingia jengo la pili, tufunge milango, tusimfungulie tusiyemjua. Bibi Fok alinivuta mkono nimsomee. Kisha akarudi kwenye kigoda chake mlangoni, akaendelea kukunja dhahabu ya karatasi ya kuwachomea wafu wake mwezi wa saba wa kalenda ya kale. Akaniuliza wezi hao wanapenda nini hasa. Nikamwambia dhahabu na pesa, Bibi, kama wezi wote. Akacheka hadi likaonekana lile jino lake la mwisho. Ana miaka themanini na sita na bado ananishinda kukunja.

Mei 27

Mvua. Jikoni shuleni tangu asubuhi. Miguu imevimba.

Juni 10

Sikukuu ya Mashua za Joka. Nimefunga wali kwenye majani ya mwanzi, wa maharage matupu bila nyama, nikagawa korido nzima. Mzee Ngau akasema wali wangu unawafaa watu waliokwisha kufa. Kisha akala na wa pili. Ungekuwepo ungetucheka.

Juni 15

Dada, limetufika. Bangili za Bibi Fok hazipo. Zile za joka na ndege, alizovaa siku ya harusi yake, ambazo mjukuu wake ndiye azivae akiolewa Oktoba. Binti yake, Yin-ping, alikuja kuzichukua azipeleke kwa sonara. Akavuta sanduku chini ya kitanda, akakuta kitambaa kitupu. Hereni pia hamna.

Polisi walikuja. Wakapima geti, wakapima kitasa. Hakuna kilichovunjwa wala kuchokolewa. Wakauliza nani ana ufunguo. Yin-ping akasema anao yeye. Akanitazama. Kisha akasema, na Dada Wai-chun, yaani mimi.

Polisi kijana alinihoji kwa adabu. Nikamwonyesha ule msumari pembeni ya madhabahu, funguo za majirani, kila mmoja na uzi wa rangi yake. Akauliza kwa nini watu wote hawa wananiachia mimi. Kwa sababu alasiri huwa nipo. Kwa sababu watoto wa Szeto husahau wa kwao. Kwa sababu mwaka ule Mzee Ngau alipoteleza bafuni, ni mimi niliyemfungulia. Nikasema tu, ndivyo tunavyoishi huku. Akaandika.

Bibi Fok aliketi kitandani akisikitika pamoja nasi. Masikini, masikini, alikuwa anasema, kama mtu aliyekuja matangani kwa jirani.

Juni 17

Mzee Ngau amekuja kuchukua ufunguo wake. Wa kwanza. Hata kuingia hakuingia, alisimama nje ya geti na fulana yake.

"Dada Wai-chun, sisemi ni wewe. Na sisemi si wewe. Nipe ufunguo wangu."

Nikampa. Nikafunga mlango wa mbao, nikalia kwa hasira. Maisha yake yote ameendesha basi, adabu akazisahau kituoni.

Juni 18

Mama Szeto kaja na papai. Kasema binamu yake wa Foshan anakuja kukaa kidogo, atahitaji ufunguo. Alitabasamu sana. Nikamshukuru kwa papai. Nilipokwisha kulikata ndipo nikakumbuka kwamba binamu huyo alikufa mwaka juzi, hata mchango wa mazishi nilitoa.

Juni 24

Wengine nao. Mmoja anabadilisha kitasa, mwingine mwanawe anahama, mwingine alinyoosha mkono tu. Nimewapa wote kwa mikono miwili. Msumari uko mtupu. Nimetundika kalenda ya hekalu pasionekane peupe.

Juni 30

Jumapili, Yin-ping amekuja kwangu. Aliongea taratibu. Mama ni mzee, asisumbuliwe, nikimpikia supu niiweke mlangoni, nisiingie. Ameweka kitasa kipya.

"Mimi sikutuhumu, dada. Lakini watu wakiniuliza, kama si yeye ni nani, niwajibu nini?"

Angenitukana ingekuwa afadhali. Tusi lina jibu.

Julai 2

Nimeweka supu ya mung'unye mlangoni kwa Bibi Fok. Jioni nikakuta bakuli limeoshwa, ndani yake peremende moja. Hiyo ni yeye.

Julai 12

Shule zimefungwa na kazi imesimama hadi Septemba. Unaikumbuka korido yetu Julai, Dada? Mtu unatoka kutupa taka, unarudi baada ya saa nzima, umeonja chungu cha huyu na kusikia ugonjwa wa yule. Sasa milango ya mbao imefungwa yote. Ukipita unasikia viyoyozi vinakoroma. Wasio navyo wanaiva humo ndani kama maandazi ya mvuke, lakini hafungui mtu. Kigoda cha Bibi Fok kimeingizwa ndani. Watu wanasema sasa ghorofa yetu iko salama.

Julai 15

Lifti ilifunguka, mimi nimo. Mama Szeto akakumbuka kwamba amesahau kitu.

Julai 16

Sikutoka.

Julai 22

Tufani. Tangu asubuhi wamepandisha ishara namba nane, basi hakuna, duka hakuna. Miaka yote siku kama hii tulikuwa tunabandika vioo pamoja kwa utepe wa gundi, kisha meza inawekwa kwa Szeto na mchezo wa mahjong unaanza, Mzee Ngau analalamika kwamba tunamwibia, wewe unachemsha chai. Leo nimebandika kioo changu peke yangu, nimesimama juu ya kiti huku nikijiuliza nikianguka nani atajua. Mchana upepo ulipotulia kidogo nilisikia vigae vya mahjong vikichanganywa. Wapo wanne, sauti zao nazijua. Nilisimama nyuma ya mlango wangu nikisikiliza kama mtu anayesikiliza ngoma ya kijiji kingine. Nikarudi kuketi mbele ya madhabahu. Nimeomba dua zote ninazozijua na nyingine nimezirudia.

Julai 23

Maji yaliingia jikoni. Nimeyakausha.

Agosti 1

Nilisema nitakuandikia ukweli, basi hata huu uusome. Nimeanza kuchungulia kwenye tundu la mlango. Naangalia nani anapita na amebeba nini. Juzi nilimshuku Mama Szeto, kwa vile ana viatu vipya. Jana nikamshuku Mzee Ngau, maana mwizi ndiye wa kwanza kupiga kelele za mwizi. Usiku wa jana nimejishuku mwenyewe. Si kwamba nimeiba. Lakini ni mara ngapi nimetoka kutupa taka nikaliacha geti limerudishiwa tu, na funguo za watu zinaning'inia pale kila mtu anaona? Huenda aliyeingia kwa Bibi Fok alipitia kwangu. Nikifika hapo usingizi unakata.

Mama Kwun Yam anaujua moyo wangu, hilo sina shaka nalo. Lakini, Dada, Kwun Yam hapandi lifti na watu.

Agosti 8

Nimeweka mnyororo mlangoni. Fundi akauliza, mama, huku kuna hatari gani? Nikamlipa akaenda.

Agosti 17

Leo ni tarehe kumi na nne ya mwezi wa saba wa kalenda ya kale, siku ya wafu, na nitaandika hadi mkono ukatae.

Asubuhi Bibi Fok aligonga geti langu kwa fimbo yake. Nilitazama huku na huku kama mwizi kweli. Alikuwa na mifuko miwili ya dhahabu ya karatasi, yote kaifunga kwa uzi mwekundu, kwa yale mafundo yake ambayo ni meno tu yanayafungua. Magoti hayamshushi tena, alisema, Yin-ping Jumamosi yuko dukani, na wafu wake watadhani wametupwa. Nikamwambia, Bibi, binti yako hataki nikukaribie. Akasema, "Yin-ping nilimzaa mimi. Chukua."

Jioni kabla ya giza nikashuka na debe langu. Watu walikuwa wengi kando ya barabara, kila mmoja na moto wake, wali na tofu vimetandazwa chini kwa ajili ya wafu wasio na jamaa. Manyunyu yalikuwa yakianza. Nikamchomea kwanza mume wangu, nikamweleza habari zangu zote. Kisha nikakata uzi wa mfuko wa kwanza wa Bibi Fok, nikawa natupia motoni, kipande baada ya kipande, nikiwataja majina wafu wake kama alivyonifundisha. Kitu kikagonga chini ya debe. Nilidhani ni jiwe. Nikachokoa kwa kijiti. Kilikuwa duara, cheusi, na kijiti kilipokwaruza pakawa njano.

Sikufurahi. Hilo nataka ulijue. Tangu Juni nimemsihi Mama Kwun Yam bangili zionekane, na imeonekana, mbele ya macho yangu tu, kwenye debe langu. Nikiipeleka kwa Yin-ping, watasema mwizi ametubu. Nikiitupa mtaroni, hakuna atakayejua, nami nitabaki mwizi wao hadi nizikwe. Nikimrudishia Bibi kimyakimya, binti yake ataikuta kwenye sanduku aliloliona tupu kwa macho yake. Kila njia niliyoishika ilifika kwangu. Nilipiga magoti pale pale lamini, mvua ikinilowesha, nikaliita jina la Mama. Sikusikia jibu. Nilipofumbua macho, nilichokiona ni mfuko wa pili, umeegemea goti langu, na mafundo yake yote.

Nikafunika debe. Nikabeba vyote viwili hadi ukumbini, nikaviweka juu ya meza ya Bwana Tam, mlinzi. Nikamwomba ampigie simu Yin-ping aje sasa hivi, na asiondoe macho kwenye mfuko ule, hata nikimwomba mimi mwenyewe. Bwana Tam alirudisha kiti nyuma hadi ukutani. Majivu ya wafu juu ya meza yake, siku yenyewe ya wafu. Akasema kazi hii si ya mshahara huu. Lakini simu alipiga.

Nikaketi kusubiri. Waliotoka kwenye lifti waliona debe wakapita kwa mbali, wengine wakiwaziba watoto macho. Mzee mmoja wa ghorofa ya tatu aligoma kupanda lifti, akasema imeshachukua abiria wasioonekana. Mama Szeto alishuka na watoto, akaniona na masizi yangu, akabaki. Mzee Ngau alishuka kununua gazeti, akaketi bila kuuliza.

Yin-ping alifika na sare ya duka. Nilimwambia kilichotokea, kwa ufupi, nikamwomba afunue debe mwenyewe. Akatia kijiti, akaitoa, akaifuta kwa sketi.

"Imefikaje humu?" akauliza.

Nyuma yangu nikamsikia Mama Szeto akinong'ona, si makusudi ya kusikika wala ya kutosikika, "Kaitia mwenyewe. Moyo umemsuta."

Nikasema, "Huenda. Ndiyo maana mfuko wa pili sijaufungua. Yin-ping, mafundo ya mama yako unayajua. Yatazame vizuri, kisha ufungue wewe."

Akayatazama. Akajaribu kwa kucha, ikashindikana, akayauma kwa meno, kama tufanyavyo sote kwa mafundo ya Bibi Fok. Akaanza kufumua vipande juu ya meza ya Bwana Tam, kimoja kimoja. Karatasi tupu. Karatasi tupu. Mzee Ngau akasogeza kiti, akaanza kumsaidia, na vidole vyake vile vya usukani. Rundo la vipande walivyofumua likawa kubwa kuliko lililobaki, na mimi nikaanza kujua kwamba nimejiangamiza. Ndipo Yin-ping akashika kipande kimoja, akakipima mkononi, asikifumue. Alinitazama kwanza. Kisha akakifumua, na bangili ya pili ikawa imelala humo, safi, inang'aa. Hereni zilikuwa kwenye kipande kilichofuata.

Mzee Ngau akainuka, akapanda lifti, akarudi amemshika Bibi Fok mkono. Bibi akaona bangili mezani, akakunja uso.

"Nani kazileta huku chini? Mimi nimezificha."

"Mama," Yin-ping akasema, "umezificha kwenye karatasi za wafu?"

"Sasa nizifiche wapi? Mwizi anavunja sanduku, anapekua godoro. Lakini mwizi gani wa akili zake ataiba pesa za marehemu? Atawabeba hadi kwake."

"Na mbona hukusema? Tumeita polisi. Tumemshuku dada wa watu miezi miwili."

Bibi Fok alimtazama binti yake kwa mshangao wa kweli.

"Ulikuja ukaniambia zimeibiwa. Nikasikitika na wewe. Ningejuaje kama ni hizi?"

Mama Szeto aliwashika watoto mikono akawapeleka kwenye lifti. Yin-ping akaanza kukunja upya karatasi alizofumua, ingawa mikono yake ilikuwa haikunji kitu. Ni Bibi Fok aliyeniona. Akagonga sakafu kwa fimbo.

"Mbona Wai-chun amelowa hivi? Hakuna mwenye taulo humu?"

Agosti 18

Nimelala mchana kutwa.

Agosti 19

Siku nzima nilingoja mlango ufunguke. Wowote. Bangili zimeonekana, hakuna aliyeingia kwa Bibi Fok, mwizi wetu hakuzaliwa hata siku moja. Lakini milango imefungwa vile vile. Mtu akishazoea kuogopa, naona, haachi kwa sababu tu hakuna cha kuogopa.

Agosti 22

Machungwa mlangoni, hayana jina.

Agosti 25

Yin-ping alikuja na ufunguo wa kitasa kipya. Alilia, nami nikalia, tukanywa chai. Anasema mama yake hawezi tena kuachwa bila mtu wa karibu wa kumfungulia. Harusini amenipangia meza ya ndugu. Ufunguo nimeupokea, kwa ajili ya Bibi. Nitakwenda na harusini. Kama nimemsamehe? Kila asubuhi nachoma udi na kuomba nimsamehe, na ikifika adhuhuri huwa nimefika katikati ya safari.

Agosti 30

Mama Szeto kaleta keki za sikukuu ya mwezi mapema, na ufunguo. Kasema binamu ameshaondoka. Nikamwambia nimefurahi kusikia alisafiri salama. Akawa mwekundu kama bahasha ya mwaka mpya. Ufunguo nimemrudishia taratibu, nikamwambia pale msumarini sasa pana kalenda. Keki nimebaki nazo. Kuwa peke yangu kumenifundisha kusema hapana, Dada, na sijui kama ni elimu ninayoitaka.

Septemba 2

Kazini. Watoto wamenenepa likizo.

Septemba 6

Tufani nyingine, ndogo. Mlango wa Bibi Fok ulikuwa wazi na kigoda kimetoka. Nikatoa changu. Tumeketi wawili, korido nzima yetu, upepo unavuma toka upande wa lifti. Alinieleza habari ya wizi uliotokea ghorofa yetu mwaka huu, jinsi ulivyokuwa mbaya. Nikamsikiliza hadi mwisho.

Septemba 15

Leo asubuhi Mzee Ngau alisimama nje ya geti langu, mahali pale pale aliposimama Juni. Mikono mitupu. Hana chungwa, hana keki.

"Nilikushuku, Dada Wai-chun. Nilikosea. Nimekuja kusema."

Nikasubiri kisingizio kifuate. Hakikufuata. Nikamwuliza kama amekuja na ufunguo niwe nao tena. Akasema hapana, ameshazoea kutembea nao, na bafuni ameweka mpira asiteleze. Alishageuka aende zake.

Nilimwambia angoje. Mwaka mzima huu nimekuwa na wasiwasi na vitasa vya watu, na ufunguo wangu wa akiba, tangu ulipoondoka, haushikwi na mtu. Nikiteleza bafuni nitapatikana kwa harufu. Nikaingia ndani, nikachukua ufunguo wa akiba, nikampitishia katikati ya vyuma vya geti.

Akautazama kama mtu aliyepewa kinyonga.

"Unanipa mimi? Mimi ndiye wa kwanza kuuchukua wangu."

"Wengine walinishuku wakaniletea papai," nikamwambia. "Wewe ukinishuku unaniambia."

Alifikiri. Akautia mfuko wa shati, akafunga kifungo, akapapasa kuona kama upo. Kisha akaniuliza kama mnyororo huwa naufunga usiku, maana ufunguo hauna kazi kama kuna mnyororo. Nikasema kuanzia leo siufungi.

Ndiyo habari ya msimu, Dada. Keshokutwa ni sikukuu ya mwezi, kesho naipeleka barua hii posta. Nitazame upande wa mashariki utakapokuwa unaula ubwabwa wako huko, nami nitakutazama. Nijibu upesi, hata ukurasa mmoja, uniambie kama kwenye nyumba yenu mpya kuna mtu mwenye ufunguo wako.

Ni mimi mdogo wako,
Wai-chun